Rod Serling: aliyeleta viumbe wa anga kwenye TV ili aseme ya binadamu



Juzi usiku mshikaji wangu mmoja alinirushia episodi moja ya zamani ya The Twilight Zone, ile inayoitwa The Monsters Are Due on Maple Street. Ilionyeshwa mara ya kwanza CBS kule Marekani tarehe 4 Machi 1960. Picha nyeusi na nyeupe, dakika kama 25 hivi, hakuna milipuko ya maana wala michoro ya kompyuta. Nikasema hii nitaiangalia huku nasinzia. Wapi bwana! Nimeirudia mara tatu, na kesho yake nikaanza kumchimba aliyeiandika. Ndiyo chanzo cha makala hii.

Kwa wale wasioijua, kisa chenyewe ni hiki (naomba radhi mapema, nasimulia mpaka mwisho). Ni Jumamosi, jua linaelekea kuzama, mtaa wa Maple. Mmoja anashughulika na gari lake, mwingine yuko bustanini, watoto wamezunguka muuza aiskrimu. Kinapita kitu angani, ngurumo na mwanga mkali, halafu kimya. Umeme hakuna. Sisi tuliozoea kukatiwa tungetafuta mshumaa tukaendelea na maisha, lakini hapa simu nazo zimekufa, redio za betri zimekufa, hata magari hayawaki. Jirani mmoja, Pete Van Horn, anajitolea kutembea mpaka mtaa wa pili akaone kama na huko ni hivyo hivyo. Anaondoka kwa miguu, nyundo yake kiunoni.

Hapo ndipo mtoto aitwaye Tommy anapowaambia wakubwa kitu alichosoma kwenye vitabu vya katuni. Eti viumbe wa anga wakitaka kuivamia dunia hutanguliza familia moja inayofanana na binadamu, ikaishi mtaani kama majirani wengine. Wakubwa wanacheka.

Kicheko hakidumu. Gari la Les Goodman linawaka lenyewe bila mtu ndani. Kwa nini lake tu? Mama mmoja anakumbuka kwamba amewahi kumwona Les usiku wa manane amesimama nje anaangalia juu angani. Les anajitetea kwamba huwa hapati usingizi, tangu lini kukosa usingizi kukawa kosa? Wapi, ameshakuwa mshukiwa. Anafuata Steve, ambaye ndiye mwenye akili ya kutosha pale mtaani, kisa ana redio ya kuwasiliana na watu wa mbali aliyojiundia nyumbani. Giza linaingia. Mtu anaonekana kwa mbali anatembea kuja kwao. Jamaa mwenye kelele kuliko wote, Charlie, anashika bunduki na kufyatua. Wanakimbia kuangalia nani ameanguka. Ni Pete Van Horn na nyundo yake, alikuwa anarudi na majibu.

Sekunde chache baadaye taa za nyumba ya Charlie zinawaka. Sasa ni zamu yake, anakimbizwa kwa mawe. Kujiokoa anamnyooshea kidole yule mtoto Tommy. Baada ya hapo taa zinawaka na kuzima nyumba hii na ile, watu wanapigana, vioo vinavunjwa. Kamera inapanda mpaka kilimani. Kule wamesimama wawili pembeni ya chombo chao, mmoja anamfundisha mwenzake jinsi kazi ilivyo rahisi: zima mashine chache, kaa pembeni, waache wamalizane. Halafu hamia mtaa unaofuata.

Sasa aliyeandika hiyo ni nani?

Jina lake Rodman Edward Serling, alizaliwa Syracuse, jimbo la New York, tarehe 25 Desemba 1924, siku ya Krismasi, kwenye familia ya Kiyahudi. Alikulia Binghamton, mji mdogo wa jimbo hilo hilo. Kaka yake Robert naye alikuja kuwa mwandishi, wa mambo ya ndege. Inasemekana Rod alikuwa mtoto wa maneno mengi kupita kiasi. Binghamton aliipenda mpaka anakufa, na episodi ya Walking Distance ya mwaka 1959, ya mtu mzima anayerudi kwa miguu mpaka utoto wake na kukuta bembea la farasi likizunguka, imetoka kwenye bustani ya mji ule.

Januari 1943 alimaliza sekondari, na kesho yake akaenda kujiandikisha jeshini. Kesho yake! Mimi nilipomaliza shule nililala wiki nzima. Alitaka kwenda kupigana na Hitler, wakampeleka upande wa pili wa dunia. Alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 4, lakini aling'ang'ania kuwa askari wa miamvuli, akaingia kikosi cha 511 cha divisheni ya 11. Kambini alipigana ngumi za uzani mdogo kabisa na kuvunjwa pua. Mwishoni mwa 1944 kikosi chake kikatua Leyte, Ufilipino, kupambana na Wajapani kwenye mvua, matope na milima. Baadaye wakaingia kwenye vita ya kuikomboa Manila.

Kuna tukio moja la Leyte ambalo waandishi wa maisha yake wote hulitaja. Askari walikuwa wameishiwa chakula, ndege zikawa zinawadondoshea makreti kutoka juu. Rafiki yake, kijana mcheshi wa kikosi, alikuwa anawachekesha wenzake pale pale. Kreti likamwangukia likamuua papo hapo, mbele ya macho ya Serling. Chakula walichokuwa wanakisubiri kwa hamu ndicho kilichomuua. Ukishajua hilo, halafu ukaangalia zile hadithi zake ambazo msaada unashuka kutoka angani na kugeuka balaa, unakaa unafikiria. Sisemi moja imetoka kwenye nyingine, nasema tu unakaa unafikiria.

Alijeruhiwa goti na kiwiko cha mkono, akapewa nishani. Vita ilipokwisha, Septemba 1945, baba yake akafa ghafla kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 52. Serling hakuwahi mazishi, jeshi halikumpa ruhusa. Alirudi nyumbani na ndoto mbaya ambazo familia yake inasema hazikumwacha maisha yake yote. Alisoma Antioch College, Ohio, kwa fedha za serikali za kuwasomesha askari waliotoka vitani, na hapo akampata Carol Kramer, wakaoana 1948. Watoto wao ni wawili, Jodi na Anne.

Mwanzo wa uandishi ulikuwa wa kuhangaika. Aliajiriwa redioni Cincinnati kuandika vipindi asivyovipenda, usiku anarudi nyumbani kuandika vyake mezani jikoni. Skripti zinarudishwa, anaandika nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaacha kazi. Kisha tarehe 12 Januari 1955 ikaonyeshwa tamthilia yake Patterns, ya bosi katili kwenye kampuni kubwa anayemsaga mzee aliyemtumikia miaka mingi. Enzi hizo tamthilia zilirushwa laivu, waigizaji wanaigiza pale pale studio na watu wanaona muda huo huo, ikipita imepita. Patterns ilivyowasha moto, mwezi uliofuata waigizaji wakaitwa tena studio kuigiza upya kitu kile kile. Mwandishi wa miaka 30 akalala maskini akaamka simu haiachi kulia. Patterns ikampa Emmy ya kwanza. Mwaka 1956 akaja na Requiem for a Heavyweight, ya bondia aliyechoka, nayo ikachukua tuzo. Kwa ujumla alipata Emmy sita, na bado jamaa alikuwa hajiamini, kila sifa anaona imezidi.

Na hapa wadau ndipo penye nyama.

Agosti 1955 kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, Emmett Till, alikwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi. Akatuhumiwa kumkosea heshima mwanamke wa kizungu dukani. Watu wawili wakaja kumchukua usiku, wakamtesa na kumuua, mwili wakautupa mtoni. Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, likawaachia huru baada ya kujadiliana kama saa moja. Miezi michache baadaye wale watu wakalieleza gazeti moja la picha, kwa malipo, jinsi walivyofanya, wakijua hawawezi kushtakiwa mara ya pili.

Serling akataka kuandika juu ya mji unaomlinda muuaji. Alijua haitapita ilivyo, akaanza kupunguza mwenyewe kabla hawajampunguza. Kwenye skripti ya Noon on Doomsday, iliyoonyeshwa Aprili 1956, aliyeuawa hakuwa mweusi tena. Habari zikavuja kwamba ni kisa cha Till, barua za vitisho zikamiminika kutoka kusini, mdhamini akaogopa biashara yake. Basi wakaanza kukata. Mji ukahamishwa kutoka kusini mpaka New England, mbali kabisa. Aliyeuawa akawa mgeni tu, wa kutoka kusikojulikana. Hata chupa za Coca-Cola zikaondolewa kwenye seti, eti kinywaji hicho kinawakumbusha watu kusini! Kilichorushwa hewani hakikuwa na kichwa wala miguu.

Akajaribu tena 1958 na A Town Has Turned to Dust. Safari hii walitaka kisa kirudishwe nyuma mpaka miaka ya 1870, jangwani, na aliyeuawa awe Mmeksiko. Mara mbili, kisa kimoja, na mara zote mbili Emmett Till hayumo ndani.

Mwaka huo wa 1956 aliandika pia The Arena, tamthilia ya maseneta, halafu akakatazwa maseneta wake wasizungumzie jambo lolote linalojadiliwa kweli na maseneta. Fikiria mechi ya mpira ambayo mpira hauruhusiwi uwanjani. Baadaye alieleza kwamba ingekuwa afadhali angeiweka miaka mia moja mbele na kuwajaza maroboti bungeni, pengine ingesema zaidi. Nadhani pale ndipo taa ilipowaka kichwani mwake.

The Twilight Zone ilianza tarehe 2 Oktoba 1959. Siku chache kabla, alihojiwa na mtangazaji Mike Wallace, akaulizwa kama sasa ameamua kuachana na kuandika mambo mazito. Serling akakubali, kwamba amechoka kugombana na wadhamini. Ukiisikia leo unacheka. Aidha alikuwa anawapiga chenga, au hata yeye mwenyewe alikuwa hajajua anachokianza. Mimi naona ni yote mawili.

Maana wadhamini walikuwa wanakagua vitu wanavyovielewa. Mji wa kusini wanauelewa, seneta wanamwelewa. Kiumbe wa sayari nyingine wanaona ni mambo ya watoto, pita. Ugomvi waliobaki nao ni wa kuchekesha. Kwenye episodi moja ya 1959 iliyotokea ndani ya meli ya Waingereza, kutajwa kwa chai kuliondolewa, kwa sababu mdhamini alikuwa anauza kahawa. Chai mabaharia wa Kiingereza wanakatazwa, lakini miezi mitatu baadaye majirani wa Maple wanauana hewani na hakuna aliyegusa mstari.

Na watazamaji wa 1960 walijua kinasemwa nini. Miaka michache tu kabla, seneta Joseph McCarthy na kamati za Bunge walikuwa wanawasaka wakomunisti kila kona. Waandishi na waigizaji walikosa kazi kwa sababu jina lilitajwa na mtu aliyetaka kujiokoa, kama Charlie anavyomtaja Tommy. McCarthy alishakufa 1957, woga ulikuwa haujafa naye. Katika mtaa wa Maple hakuna hata mmoja anayetamka neno mkomunisti. Wanasema viumbe wa anga, inatosha.

Nina malalamiko yangu mawili kuhusu ile episodi. La kwanza, wale wawili wa kilimani. Mavazi yao yalitoka kwenye stoo ya filamu ya Forbidden Planet ya 1956, na maelezo yao ni marefu kwa kitu ambacho tumeshakiona kwa macho. Serling alikuwa na ugonjwa wa kuhubiri, hata wapenzi wake wanakubali. Nilijaribu kuiangalia kichwani bila wao, taa zinawaka zenyewe na hatujui kwa nini, ikawa inatisha zaidi. Lakini nikajijibu mwenyewe: wale wawili ndio kibali. Bila wao ni hadithi ya wazungu wa mtaa mzuri wanaomuua jirani yao bila kosa, na hiyo alishajaribu mara mbili.

La pili ni zito zaidi. Mtaa wote ni wa weupe. Kisa kilichoanza na mtoto mweusi wa Chicago kimefika kwenye mtaa ambao hakuna mtu mweusi hata anayepita njia. Naelewa sababu, ila pengo linaonekana. Kumtendea haki, mwezi mmoja tu baadaye, Aprili 1960, alileta The Big Tall Wish, ya bondia na mtoto, na waigizaji wakuu walikuwa weusi akiwemo Ivan Dixon. Kwa TV ya mwaka ule halikuwa jambo dogo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuua ng'ombe. The Twilight Zone ilikuwa na episodi 156 mpaka inafungwa mwaka 1964, na 92 aliziandika Serling mwenyewe. Alikuwa anakaa pembeni ya bwawa la kuogelea nyumbani California anaongea kwenye mashine ya kurekodi, anaigiza sauti zote, kisha katibu wake anachapa. Kuanzia msimu wa pili akawa anatokea mwenyewe mbele ya kamera, suti nyeusi, sigara mkononi. Watu walidhani ni mtu baridi asiyeogopa kitu. Kumbe alikuwa anatoka jasho kwa woga wa kamera.

Ya viumbe wa anga alirudi nayo mara nyingi. Maarufu kuliko zote ni To Serve Man ya tarehe 2 Machi 1962, kutoka kwenye hadithi fupi ya Damon Knight. Kanamit, majitu ya futi tisa, yanashuka na kusaidia dunia: njaa inakwisha, majeshi yanavunjwa. Wameacha kitabu mezani Umoja wa Mataifa, na wataalamu wamefanikiwa kusoma jina lake tu. Kwa Kiingereza jina hilo lina maana mbili, na nimegundua kwa Kiswahili linaingia vizuri pia: kumwandaa binadamu. Watu wanafurahi, wanapanga foleni kupanda vyombo kwenda sayari ya wafadhili wao. Mpaka mtaalamu mmoja anapofanikiwa kukisoma na kugundua ni kitabu cha mapishi.

Baada ya hapo maisha yakaanza kuteremka, ingawa si kwa mara moja. Aliiuzia CBS sehemu yake ya haki za The Twilight Zone akiamini haitarudisha gharama zake. Marudio yake yakaingiza mamilioni, yeye hakupata kitu katika hizo. Aliandika skripti ya Seven Days in May ya 1964, na kuandika rasimu nyingi za Planet of the Apes iliyotoka 1968 akishirikiana jina na Michael Wilson. Ule mwisho wa sanamu pale ufukweni kwa kawaida yeye ndiye anayepewa sifa zake. Kisha ikaja Night Gallery kule NBC, kuanzia 1970 mpaka 1973. Jina lake na sura yake vikatumika, maamuzi yakafanywa na wengine, skripti zake nyingine zikakataliwa. Mtu aliyekimbia mikasi ya wadhamini akaikuta mikasi mingine inamsubiri. Hili lilimuuma sana.

Alipinga vita ya Vietnam waziwazi, yeye aliyekuwa na nishani za vita. Alitangaza matangazo ya biashara pia, akijua watu watamcheka kwa yote aliyokwisha sema juu ya wadhamini. Miaka yake ya mwisho alifundisha uandishi Ithaca College, karibu na ziwa Cayuga ambako familia ilikuwa na nyumba ya mapumziko, na wanafunzi walipenda kuangalia kazi zake pamoja naye. Alikuwa anazikosoa kuliko wao.

Sigara hakuiacha, pakiti tatu mpaka nne kwa siku. Mei 1975 moyo ukamshtua mara ya kwanza. Akapata nafuu, ukarudi. Tarehe 26 Juni madaktari wa Rochester, New York, wakamfanyia upasuaji, moyo ukashtuka tena mezani, na tarehe 28 Juni 1975 akafariki. Alikuwa na miaka 50, chini hata ya baba yake. Amezikwa Interlaken, sio mbali na lile ziwa.

Mdau ukitaka kuanza, anza na Maple Street usiku, ukiwa na majirani wawili watatu pembeni. Kisha Walking Distance peke yako. Kanamit waweke mwisho, na ule kwanza, maana baada ya hapo sahani utaisukuma.